Namba ya Mama Hekta

Nilikaa meza moja na Mama Hekta miaka kumi na mmoja pale ofisi ya takwimu, kwa hiyo asije mtu akanisimulia habari zake. Jina tulimpa sisi. Hata harusini atazungusha macho ukumbini, apige hesabu ya vichwa, halafu akunong'oneze kwamba hapa kila hekta ina watu elfu mbili na wote wana njaa.

Asubuhi ile jedwali lilikuwa mezani. Miji sita, wetu wa pili kwa ukubwa. Mji wa jirani ni nusu yetu, lakini mtaa wake wa mafundi una watu hamsini kazini kwa kila hekta. Katika miji yote mitano mingine hakuna mtaa wa mafundi uliopungua arobaini. Wetu? Wanne. Wanne, jamani! Na baraza la jiji lilikuwa linakutana saa nne. Mtaa ulio chini ya ishirini unahesabiwa hauna kazi: unavunjwa, yanajengwa maghala.

Katika mtaa huo, mdogo wake Mama Hekta, baba mmoja mama mmoja, anashona makochi.

"Labda kwenye hekta za mtaa tumeingiza na lile bwawa la pembeni," nikamwambia.

"Ramani nimeipitia mara tatu. Hekta kumi na mbili, bwawa halimo." Akanisogezea simu. "Nipigie mdogo wangu."

Nikapiga, nikaweka simu katikati yetu.

"Siku wahesabuji walipopita mtaani kwenu," akamuuliza, "wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani! Si uliniambia mwenyewe, dada, kwamba kesho watu wenu wanapita? Nikajua ni wale wa leseni. Nikashusha kibao, nikawatonya majirani. Karibu mtaa mzima tulifunga. Tuliwapiga chenga hao!" Akacheka mpaka akakohoa.

Mama Hekta akakata simu. Alikuwa amemwambia kwa mapenzi tu, ili afagie, wasije wakamkuta shaghalabaghala. Lakini kanuni ya kwanza ya ofisi yetu, ile tuliyoiapia, ni kwamba siku ya hesabu haitajwi nje.

Nikamshika mkono. Sioni haya kuyasema niliyomwambia. "Sema wahesabuji walikuwa wavivu, hawakufika."

"Wafukuzwe watoto wa watu kwa kosa langu?"

"Basi utamwaga unga wewe! Umebakiza miaka mitatu tu ustaafu!"

"Na mafundi wote wale waumwage wao?" Akachukua jedwali, akatoka.

Barazani nilikaa safu ya nyuma. Namba ikasomwa. Hakuna aliyeuliza. Mwenyekiti alikuwa ameshashika kalamu ya kutia saini Mama Hekta aliposimama.

"Namba hiyo si ya kweli, mheshimiwa. Aliyeiharibu ni mimi."

Akaeleza yote, hakujitetea hata kidogo. Mkurugenzi wetu macho yalimtoka pima. Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akaamuru mtaa uhesabiwe upya. Jioni hiyo hiyo Mama Hekta alikabidhi funguo za kabati lake, na mimi nililia chooni kama mjinga.

Baada ya wiki tatu nikatumwa mimi, ghafla, hata mume wangu sikumwambia. Nilizunguka siku nzima katika kelele za nyundo na misumeno. Karakana ya mwisho ilikuwa ya mdogo wake. Hapo nilikuwa na watu mia saba na thelathini, yaani sitini na ushee kwa hekta. Tumeupita mji wa jirani!

Nikamwandika mdogo wake. Nyuma ya kochi kuukuu, sindano mdomoni, alikaa Mama Hekta.

Kanuni inataka niulize. "Unafanya kazi hapa?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Kazi gani?"

"Andika fundi makochi."

Nikaandika, machozi yakidondokea karatasi. Akainuka, akachungulia begani kwangu kama zamani.

"Umenihesabu mara moja tu, eh?" akasema. "Usije ukanipendelea."