Njia ya Maji na Mikorosho Tisa

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Nimeambiwa nitulie miaka yote niliyofanya kazi hii, na wanaoniambia ni wale wale ambao hawajawahi kuguswa hata kijiti shambani mwao. Mimi ni msaidizi wa kisheria, nakaa Masasi. Mtu akiambiwa kuna njia ya umma katikati ya shamba lake, nampandia basi hadi kwake, nasoma mihtasari ya vikao vya kijiji, nauliza watu, natembea mipakani mpaka soli zinaisha, kisha namwandikia maelezo ya kupeleka baraza la ardhi. Kesi nyingi nimeshazisahau. Hii ya Bibi wa Newala imenikaa kooni.

Bibi alikuwa mjane. Shamba lake lilikuwa katika kijiji kimoja ukingoni mwa uwanda wa juu, pale ardhi inapokatika kushuka bondeni. Serikali ya kijiji ilimwandikia barua: njia ya watu wote inapita kwako, itapanuliwa magari ya korosho yapite, na mikorosho tisa iliyo njiani itakatwa. Tisa! Na hiyo tisa ndiyo iliyokuwa ikizaa. Mingine ilikuwa imezeeka, ukiipulizia salfa, dawa ya ukungu, unajichosha bure.

Nilipofika nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kwanza jina la mwanangu mkubwa, na tangu hapo nikawa mama wa huyo mtoto, au mwanangu, sina jina lingine. Akanipeleka kuiona hiyo njia. Kweli ilikuwepo, nyeupe, safi, haina hata jani.

"Bibi, nani anaisafisha hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Moto, mwanangu. Hujui moto wa kiangazi?"

Basi nikaelewa, na damu ikanichemka. Kila mwaka, kabla wawindaji hawajaanza kuchoma pori, Bibi alikuwa akilima kinga ya moto kwa jembe lake ili mikorosho isiungue. Watu wakaona mahali peupe, wakapita. Naye hakuwakataza, maana utamkatazaje mtu mwenye mzigo kichwani? Zikaja pikipiki. Kisha wakaja wapimaji wa mpango wa ardhi ya kijiji, wakaona pasafi, wakachora mstari kwenye ramani, wakaondoka. Angekuwa mvivu, shamba limejaa magugu, asingeguswa. Jamani! Mtu anaadhibiwa kwa kujituma?

Nikauliza ofisi ya kijiji: kabla ya hapo watu walipita wapi? Wazee wa kiume waliokaa kwenye benchi wakanijibu kwa sauti moja kwamba njia ni hapo hapo, tangu enzi za mababu. Mababu! Nikawauliza kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kubeba maji kutoka bondeni. Kabla ya mabomba, huku juu maji yalifuatwa kule chini, na waliopanda nayo walikuwa wanawake. Mwanamume atajuaje njia ambayo shingo yake haikuipita?

Kwa hiyo nikawatafuta bibi watatu waliobaki wa rika hilo. Sikuwauliza habari za njia. Niliwauliza, "Mlikuwa mnatua wapi?" Maana mtungi umejaa, mlima mkali, lazima utue upumzike, na mahali pa kutua ni palepale kila siku. Wakaanza kubishana, wakacheka, wakataniana nani alivunja mitungi mingi. Kisha wakataja: mwamba wa mteremkoni, kichuguu kikubwa, mkwaju, jiwe bapa. Vyote vilikuwa ndani ya shamba la jirani wa Bibi, ambaye ni shemeji wa mwenyekiti wa kijiji. Kumbe bwana mkubwa huyo alishaifunga njia ya maji, akapanda mikorosho yake juu yake, halafu umma ukatafutiwa njia kwa mjane!

Tukaenda, bibi watatu mbele na fimbo zao. Jirani akatoka mikono kiunoni, akauliza tuna kibali cha nani.

"Kibali?" akasema yule mkongwe kuliko wote. "Maji uliyoogeshwa siku unazaliwa, niliyapitisha hapa."

Akampita kama kisiki. Akafukua majani kwa fimbo chini ya mkorosho mmoja, na jiwe bapa likaonekana, limelainika kwa mitungi. Nikapiga picha, nikaandika maelezo yao, wakaweka dole gumba.

Baraza likapanga siku ya kusikiliza ombi letu la zuio, yaani amri ya kusimamisha ukataji, huko mjini. Asubuhi ya siku hiyo nikampitia Bibi. Nikamkuta amekaa chini ya mikorosho yake, panga mapajani.

"Siendi," akasema. "Nenda wewe unayejua kusoma. Mimi nakaa hapa. Wakitaka, waje."

Nikamkaripia. Ndiyo, mimi, mtoto kwake, nikamkaripia. Nikamwambia haki haitafutwi kwa panga, asipofika baraza litasema hajali mali yake. Akaliweka panga chini, akaenda kuchukua kanga yake.

Tulikaa kwenye benchi la baraza hadi alasiri. Upande wa pili hakutokea mtu. Nikafurahi, mjinga mimi, nikamnong'oneza Bibi kwamba wameogopa. Zuio likatoka, likapigwa muhuri, nikalitia mkobani, tukapanda pikipiki kurudi.

Yote tisa ilikuwa chini. Msumeno wa mashine ulikuwa umepita kisiki kwa kisiki, na majani yalikuwa bado na vumbi la salfa aliyopulizia Bibi mwenyewe. Mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa, kwamba zuio lilikuwa halijamfikia. Na ni kweli, halikumfikia. Lilikuwa mkobani mwangu.

Kesi tulishinda. Ngoja niseme hivyo, maana watu hupenda kusikia. Baraza liliamua kwamba njia ya umma ni ile ya maji, jirani akaamriwa aifungue, na shamba la Bibi likatamkwa halina njia. Wenzangu Masasi walinipongeza, wakaiweka kwenye taarifa ya mwaka kama mfano wa kazi nzuri. Nilitamani kuichana ile taarifa.

Nilimpelekea Bibi nakala ya uamuzi. Nikamsomea yote, hadi sahihi. Akasikiliza akiwa ameketi juu ya kisiki kimoja, miguu ameinyoosha.

"Mwanangu," akasema, "siku ile ningekaa hapa na panga langu, wangekata?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kisheria. Nikayaacha yote.

"Wasingekata, Bibi."

"Haya," akasema. "Nilitaka kujua tu."