Unasali au unahesabu? Fainali ya bao Morogoro iliyonipeleka Dar kwa mlango wa nyuma

Wakuu, salamu kwenu nyote, na wadogo zangu shikamoo zenu nimezipokea.

Mimi ni mzee wa Uluguru, katekista mstaafu. Naandika polepole kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Umri huu sina wa kumfurahisha kwa uongo.

Wiki hii mjukuu wangu alinisomea uzi wa kijana anayecheza Go, ule mchezo wa Asia wa vijiwe vyeusi na vyeupe. Kijana analalamika kwamba wachezaji wako wachache nchini, na anauliza kama Tanzania tuliwahi kuwa na mashindano ya taifa ya mchezo wa kufikiri, yenye watu wanaojuana mkoa kwa mkoa.

Kijana wangu, tulikuwa nayo. Tulicheza bao. Na mimi nilibakiza kete moja tu niingie.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu kilikuwa juu mlimani, karibu na misheni. Tulilima kabichi, karoti na njegere, na shamba la pamoja lilikuwa na zamu kwa kila mtu, hata kwa katekista.

Ikaja habari kwamba Morogoro itatoa mchezaji mmoja wa kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa. Kabla ya hapo, kila aliyesifiwa kwa bao katika mkoa wetu alikuwa mtu wa mjini. Sisi wa mlimani walituita wauza karoti.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Ndugu Gaspari, akaitisha mkutano. Akasema, "Benedikto ataacha jembe mwezi mzima, acheze bao asubuhi na jioni. Zamu yake tutamlimia."

Wakuu, hebu fikirini. Watu walinilimia ili mimi nikae nacheza! Mama Theresia, mjane jirani yangu, alipalilia sehemu yangu na yake. Kila nikimpita nilitazama chini.

Sasa niwaeleze siri yangu, maana kisa chote kimekaa hapo.

Bao lina mashimo thelathini na mawili, na kila mchezaji ana mistari miwili ya mashimo manane. Kati ya mashimo yako, moja ni nyumba, ambako kete hulundikana. Sheria ya mashindano ilikuwa kwamba ruhusa kutazama kete, marufuku kuzigusa ili kuzihesabu. Sasa kete zikishapandana shimoni, jicho haliwezi kujua kama ni kumi na moja au kumi na mbili. Lazima ukumbuke.

Mimi nilikumbuka kwa rozari.

Mkono wa kulia ulicheza, na wa kushoto ulikuwa mfukoni. Kila kete ilipoingia nyumbani kwangu, nilisogeza shanga moja. Wakatoliki mnajua, Salamu Maria ni kumi, kisha inakuja shanga ya Baba Yetu, iliyokaa peke yake. Kidole kikigusa ile ya peke yake najua nyumba ina kumi na moja. Sikuhitaji hata kutazama.

Je, niliona ni kosa? Nitasema ukweli: sikujiuliza. Mtu akitaka kutojiuliza jambo, wakuu, anaweza kukaa mwezi mzima.

Siku ilipofika tulishuka alfajiri, watu kama arobaini, tukiimba njia nzima. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, mji hauonekani. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilimtoa mchezaji wa Dakawa kabla hata chai haijapoa. Nikamtoa fundi mmoja wa Mzinga, mtu mwenye akili nyingi, aliyenipa mkono akasema, "Ndugu, una jicho la ajabu."

Jicho! Mkono wangu mfukoni ukatoa jasho.

Fainali nikakutana na Mzee Kibwana, fundi cherehani wa Mafiga. Mtu mrefu, mpole, vidole vyembamba kama sindano zake. Mwamuzi alikuwa Maalim Athumani, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye mji mzima ulimheshimu, Waislamu na Wakristo.

Tulicheza mchezo wa kwanza, nikashinda. Wa pili akashinda yeye. Wa tatu ndio wa kukata mzizi.

Jamani, ule mchezo wa tatu! Kete zilikuwa zinalia shimoni kama mvua ya kwanza kwenye bati. Akila, naye analiwa. Watu wa Mafiga wanapiga makofi, wetu wanapiga vigelegele. Mwanamke mmoja wa kwetu alipanda juu ya benchi, likavunjika, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Nyumba yangu ikawa inajaa. Shanga zinasogea.

Ndipo kijana mmoja wa upande wa Mafiga, fundi baiskeli, akapaza sauti. "Maalim! Mkono wa kushoto wa huyu katekista unafanya nini mfukoni tangu asubuhi?"

"Unajikuna!" mtu akajibu kutoka dirishani. Ukumbi ukaangua kicheko.

Maalim hakucheka. "Ndugu Benedikto, toa mkono."

Nikautoa. Na rozari ikatoka nao.

Kelele zilizofuata sitaki kuzisimulia zote. Watu wetu walisimama. "Mnamzuia mtu kusali?" Ndugu Gaspari alikuwa ameshafika mbele, ameinua kofia yake juu. "Nchi hii kila mtu na dini yake! Tutalifikisha hili wilayani!"

Maalim akasubiri wachoke. Kisha akaingiza mkono kwenye kanzu yake, akatoa tasbihi, akaiweka mezani karibu na bao.

"Mimi pia ninayo," akasema. "Kwa hiyo simnyang'anyi mtu kitu cha kumkumbuka Mungu. Akisema anasali, nitamwambia rudisha mkono wako, na hakuna atakayemuuliza tena. Jibu lake ndilo hukumu yangu." Akanigeukia. "Mwanangu, unasali au unahesabu?"

Nilisikia kuku nje.

Nilimtazama Gaspari. Alikuwa ananiitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayembembeleza ng'ombe aingie zizini. Nasali. Neno moja tu. Nyuma yake nilimwona Mama Theresia na mikono yake iliyopasuka kwa jembe langu.

Nikafikiria pia Jumapili. Watoto wa komunyo ya kwanza wamekaa mbele yangu, nami nawafundisha amri ya nane, usiseme uongo.

"Nahesabu, Maalim."

Kofia ya Gaspari ikaanguka. Wa Mafiga hawakushangilia, na hilo ninawashukuru mpaka leo. Mzee Kibwana alipiga mluzi mdogo tu, kama mtu aliyeona kitambaa kizuri.

"Iweke hapa," Maalim akasema. Nikailaza rozari karibu na tasbihi yake. "Sheria inakataza kugusa kete, haijataja shanga. Sikufukuzi. Endelea kucheza, mikono juu ya meza."

Sasa wakuu, hapa ndipo niliumia. Rozari ilipotoka mkononi, hesabu ilitoka nayo. Kwa mshtuko sikushika ile shanga niliyokuwa nimefika.

Nikapiga kete. Nikala, nikazungusha, na kete ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yangu. Sheria ya bao hapo inakupa hiari. Unaweza kuishia hapo, au ukazoa kete zote za nyumba uendelee nazo. Tunaita kusafiri.

Nikipima njia niliona hivi. Nyumba ikiwa na kumi na mbili, kete ya mwisho itafika kichwani, shimo la pembeni mstari wa mbele, na mkabala wake Mzee Kibwana alikuwa na lundo la kete. Nalila lote, mchezo umekwisha, Dar nakwenda. Ikiwa na kumi na moja, ya mwisho itaangukia kona ya mstari wa nyuma, shimo tupu. Nitakuwa nimevunja nyumba yangu bure.

Nilikuwa nimefika Baba Yetu, au nimeipita?

Nilikaa pale nikitafuta kwa kidole shanga isiyokuwepo. Vidole vya kushoto vilikuwa vinasugua meza. Mwisho nikajiambia nimeipita, nikazoa.

Nilizitupa moja moja. Tisa. Kumi. Kumi na moja ikaingia kona ya nyuma, kwenye shimo tupu. Nikafungua kiganja.

Hakikuwa na kitu.

Mzee Kibwana hakuhitaji hata dakika. Alikula kushoto, akala kulia, mstari wangu wa mbele ukabaki mweupe. Alinyanyuka akanishika bega. Maalim akanirudishia rozari akiwa ameifunga kwenye leso yake safi, ameifunga vizuri kama mtu anavyofunga kitu cha mwenzake.

Njia ya kurudi mlimani hakuna aliyeimba.

Kwenye mwinuko wa kwanza Gaspari akashindwa kuvumilia. "Neno moja, Benedikto! Neno moja la kusali!"

"Jumapili ningefundisha nini, Mwenyekiti?"

"Ungefundisha na kikombe mezani!"

Tukaenda. Baada ya kitambo Mama Theresia, aliyekuwa mbele, akasema bila kugeuka, "Katekista, Jumatatu ni zamu yako ya kupalilia. Na ya kwangu pia." Akacheka. Ndipo na wengine wakacheka, nami nikapata pumzi.

Nililima mwezi mzima, zamu zake na zangu. Kwa Padre nilikwenda kuungama. Akanipa malipizi ya rozari nzima bila kufikiria bao. Nilirudia mara tatu ndipo nikaiweza.

Siku moja nipo katikati ya kabichi, namwona mtu mrefu anapanda mlima kwa viatu vya mjini, anateleza, anashika majani. Mzee Kibwana!

"Shikamoo mzee. Kulikoni?"

"Marahaba. Kwanza nipe maji." Akanywa kibuyu kizima. "Kila mkoa unatakiwa upeleke mchezaji na mwamuzi. Maalim miguu haimruhusu safari. Wamemuuliza nani aende badala yake. Kawaambia, nimtume nani zaidi ya yule aliyejihukumu mwenyewe?"

Nilikaa chini pale pale, juu ya kabichi.

Basi tulipanda treni, mimi na aliyenishinda. Njia nzima tulicheza bao, na alinifundisha kuhesabu kichwani. Wakuu, Dar niliona watu! Wa Unguja, Tanga, Lindi, Kigoma. Kila mmoja ana jina lake la shimo na maneno yake ya kumchokoza mwenzake, lakini kete zikianza kulia wote wanaelewana. Watu hawajawahi kuonana, na baada ya mchezo mmoja wanaulizana habari za watoto. Nilitaka nisirudi.

Mzee Kibwana alifika nusu fainali. Alipigana kishujaa.

Fainali ikawa ya mtu wa Unguja na mtu wa Tanga. Kila upande ukamkataa mwamuzi aliyependekezwa na mwenzake. Mabishano yakachukua saa nzima, mpaka mzee mmoja wa Unguja akauliza, "Yule wa Morogoro wa rozari yuko wapi?"

Kisa changu kilikuwa kimenitangulia! Mikoa yote ilikuwa inakijua. Wa Tanga wakasema, "Huyo tunamtaka. Hata mwenyewe hakujipendelea."

Nikakaa kiti cha mwamuzi, fainali ya taifa, mimi muuza karoti.

Mchezo ulipopamba moto nikaona jambo. Mtu wa Tanga alikuwa amevua viatu. Mikono yake yote miwili ilikuwa mezani, imetulia kama ya malaika. Lakini chini ya meza vidole vya miguu vilikuwa vinakunjuka kimoja kimoja kwa mpangilio.

Nikainua mkono. Mchezo ukasimama.

"Ndugu," nikamwambia, "unasali au unahesabu?"

Akaachia tabasamu la mtoto aliyekutwa na sukari.

"Nahesabu, ndugu mwamuzi."

"Basi vaa viatu."

Nadhani kile kicheko kilisikika bandarini. Akavaa. Akaendelea. Na akashinda hivyo hivyo, na viatu vyake!

Nilichojifunza, wakuu: ukweli ulininyima kiti nilichokitaka. Kiti alichokuwa ameniwekea Mungu sikukijua, na nisingekipata kwa kusema nasali. Nashukuru kwa vyote viwili.

Kijana wa Go, usikate tamaa. Mlipo watatu, anzeni. Na wewe unayesoma, kama babu yako alicheza bao miaka ile, tuandikie hapa chini alitoka wapi na alihesabu kwa kitu gani. Najua alihesabu. Msimwonee haya.

Mimi rozari ni ile ile. Nasali kila jioni. Ila kidole kikifika shanga ya kumi na moja husimama kidogo, na huwa namwambia Mungu kabla hajaniuliza: hapa, Bwana, nilikuwa nahesabu.