Mlango wa Mashariki Aliouchomelea Nakaale

Saa moja asubuhi mjini Kakuma, upepo umeshaanza kazi kabla ya mafundi. Unatoka mashariki, umebeba mchanga wa laga, ule mto mkavu, unaugonga mlango mkubwa wa chuma kama mgeni aliyechoka kusubiri. Mlango haufunguki. Umechomelewa kutoka juu hadi chini, kwa mshono mnene ulionyooka.

Nakaale Aukot, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, amechuchumaa upande wa pili wa jengo, upande wa magharibi, anapima ukuta wa mabati kwa kamba yenye mafundo na kuutia alama za chaki. Hapo ndipo anapotaka kukata mlango mwingine. Ana muda hadi saa nne. Saa nne kamati ya karakana inakuja, na kamati inataka kitu kimoja tu kutoka kwake: aombe msamaha.

Akiuomba, atabaki fundi mkuu wa karakana hii ya pamoja, waliyojengewa wenyeji wa Kakuma na wakimbizi wa kambini ili watumie mashine za pamoja, badala ya kila mtu kuhangaika na nyundo yake. Akikataa, atarudisha ufunguo na kuondoka.

"Nimepima mara tatu," anasema bila kuinua macho. "Huu ukuta haujui kama mimi nafukuzwa leo."

Kuchomelea alijifunza Lodwar, kwa mumewe aliyekuwa akitengeneza milango na vitanda vya chuma karibu na soko. Mume alipofariki, wateja walikuja kuchukua kazi zao zikiwa hazijakwisha. Walimkuta mjane amevaa ovaroli ya marehemu na miwani myeusi, anamalizia kitanda. Mmoja aliuliza kama kitanda kilichochomelewa na mwanamke kitabeba watu wawili. Nakaale alimwambia amlete huyo wa pili wajaribu.

Siku nzuri ilimpa shilingi mia saba. Siku ya stima kupotea haikumpa kitu, na Lodwar siku hizo zilikuwa nyingi. Ndiyo maana shirika moja lilipotafuta fundi wa kupanga karakana Kakuma, alifunga mizigo yake wiki hiyo hiyo.

Kabla ya msingi kuchimbwa, aliipanga karakana nzima chini, kwenye uwanja mtupu, kwa vigingi na kamba. Kigingi hapa, jiriwa ya kubania chuma. Kigingi pale, meza ya seremala. Kona ile, cherehani. Kisha aliwaita mafundi kumi na sita, akawabebesha bomba la mita sita, akawaambia wazunguke nalo humo ndani bila kugusa kamba. Wapita njia walisimama kuwatazama watu wazima wakikwepa kuta zisizokuwepo. Kila bomba lilipogusa kamba, Nakaale alihamisha kigingi. Walizunguka siku nne.

Aliyeshika ncha ya mbele ya bomba alikuwa Aguer Kon, seremala kutoka Sudan Kusini ambaye ameishi kambini miaka kumi na miwili. "Nilimwambia, mama, wewe unatufundisha ngoma," anakumbuka. "Lakini ilikuwa kweli. Kila kitu ilipata mahali yake."

Mlango katika mpango huo ulikuwa magharibi. Upepo ungelipiga jengo mgongoni, na mafundi wangefanya kazi kifuani mwake.

Nakaale aliuchora mpango kwenye karatasi ya mfuko wa simiti, akaupeleka kwenye mkutano Lodwar. Mkutano uliendeshwa kwa Kiingereza. Mhandisi wa shirika aliusifu mchoro, kisha akaweka juu yake kikombe chake cha chai. Alitaka mlango utazame mashariki, iliko barabara, ili wageni waione karakana na bango la wafadhili tangu mbali.

Wazee walioalikwa walipotafsiriwa maneno hayo, walifurahi kuliko yeye. Mzee Lokuruka, anayeheshimiwa Kakuma nzima, alisema lango la boma la Mturkana hutazama jua linakotoka, na karakana nayo ni boma la watu. Mhandisi aliandika kwamba jamii imeshirikishwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, kila mtu chumbani alikubaliana na mwenzake, na wote walikuwa wamekosea.

Nakaale alikuwa ameketi karibu na dirisha. Mwanamke wa rika lake hasimami kumpinga mzee kama yule mbele za wageni. Alinyamaza. Akatia sahihi.

Karakana ilifunguliwa kwa kazi mwezi Juni. Kabla mwezi haujaisha, mota mbili zilikuwa zimeungua, zimejaa mchanga. Washonaji walifungasha cherehani zao wakarudi kambini. Mmoja wao, Nyakim, aliaga kwa kusema kwamba nguo za hapa mteja ananunua na mchanga wa uwanja juu yake.

Wiki ya tano ilikuwa zamu ya Aguer. Alikuwa akisaga bawaba kwa grainda, amesimama mkabala na mlango kwa sababu ndipo palipowekwa soketi. Miwani ya kukinga macho ilikuwepo, lakini mchanga ulikuwa umeikwaruza mpaka haionyeshi kitu, na alikuwa ameivua ili aone alama. Upepo ukamtupia mchanga usoni. Mkono ukateleza. Kipande cha chuma kikaingia jicho la kulia.

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita mia moja. Nakaale alimpakata kichwa njia nzima, nyuma ya pikapu. Jicho halikuokolewa.

Leo Aguer, aliyekuwa akipata mia sita kwa siku, anakaa sakafuni karibu na ukuta akichambua misumari, mirefu huku, mifupi huku. Anasema ubao hauonekani tena ulivyo. Anapopiga msumari, nyundo inashuka kando.

"Mimi niliona mchanga tu," anasema. "Halafu giza. Sasa watu wananiambia pole, pole. Mlango wanaacha wazi."

Nakaale aliomba mlango uhamishwe. Aliomba mara mbili kwa mdomo na mara moja kwa barua. Jibu lilikuja kwamba jambo hilo litaangaliwa baada ya uzinduzi rasmi, wageni wakishapita mlangoni na kupiga picha chini ya bango. Hadi uzinduzi zilikuwa zimebaki wiki sita, na mafundi wangeendelea kusaga chuma hapo hapo.

Jumatatu iliyofuata, mchana kweupe, aliwasha mashine na kuuchomelea mlango. Hakumtuma mtu, wala hakujificha. Waliokuwa ndani alikuwa amewatoa kwanza, na tangu siku hiyo wanaingia kwa kuinama, kupitia tundu la bati moja alilolifungua nyuma.

Shirika lilisema ameharibu mali. Wazee walisema ametukana boma. Kuziba lango la mashariki, kwa macho yao, ni kama kutangaza kwamba mwenye nyumba hayupo tena.

Saa nne kasoro, kamati inafika. Ofisa wa shirika anakuja na faili. Mzee Lokuruka anakuja na fimbo yake na kigoda chake, anakiweka kivulini, anaketi taratibu. Wanasalimiana, ejok, ejok, kama watu wasio na ugomvi.

Ofisa anasoma barua. Neno moja la msamaha, mlango ukatwe ufunguliwe kabla ya uzinduzi, na mambo yaishe. Mzee anamngoja amalize.

"Binti yangu, sema hilo neno," anasema. "Mbuzi wa kuwatuliza wazee nitatoa mimi."

Si maneno ya mtu mbaya, na Nakaale anajua. Anaizungusha kamba ya kupimia kiganjani kwa muda.

"Mzee, pale kwako, moto wa kupikia umewekewa ukuta wa matawi upande gani?"

Mzee anatazama chini. "Upande wa upepo."

"Kwa nini?"

"Kila mtoto anajua kwa nini."

"Na mimi nilijua. Wewe ulijua. Tukakaa Lodwar tukanywa chai."

Ndani, misumari ya Aguer inasikika ikidondoka kwenye mikebe, mmoja mmoja.

Nakaale anautoa ufunguo mfukoni na kuuweka juu ya faili la ofisa. Alama za chaki za mlango wa magharibi anaziacha ukutani. Atakayekuja akitaka, azifuate. Yeye ana kiwanja kitupu ng'ambo ya laga, ana vigingi na ana kamba. Bomba ataazima. Ncha ya mbele ataishika Aguer, kwa jicho lililobaki.

Ofisa anamuuliza, kwa mara ya mwisho, aandike nini.

"Andika kwamba nimeomba msamaha mara moja," anasema Nakaale. "Nyuma ya pikapu, kwa Aguer, kwa sababu nilinyamaza. Huo ulikuwa wake. Wa mlango siombi. Si leo, wala siku ya uzinduzi."