Mondo wa Mwalimu

Wifi yangu akirudi nyumbani hanyamazi. Anasema akivua viatu, anasema akiosha vyombo, na kaka yangu amejifunza kuitikia "mm" bila kusikiliza. Simlaumu. Kutwa nzima amefunga mdomo: anauguza wanyama pori walioumia, na sheria ya kwanza ya kazi hiyo ni kwamba mnyama asizoee sauti ya mtu. Akipona anarudi porini, na huko mtu si rafiki.

Mimi, ninayekaa kwao, nafanya kazi kituo hicho hicho, upande wa ofisi. Nawaandikia barua walezi. Mlezi ni mtu aliyejitolea kugharamia dawa na chakula cha mnyama mmoja; nasi tunampa cheti, picha, na habari za mgonjwa wake kila mwezi. Bila walezi tungekuwa tumeshafunga milango zamani.

Balaa lilianza na mondo, yule paka wa porini mwenye miguu mirefu na masikio makubwa. Aliletwa mdogo, mguu umekatwa na waya wa mtego hadi mfupa unaonekana. Mlezi wake akawa mwalimu mmoja mstaafu, mama mjane, ambaye hakuridhika na barua. Kila Jumamosi alikuja, akasimama nje ya uzio na kuita, "Mwanangu, hujambo?"

"Wifi, mzuie huyo mama," wifi yangu aliniambia.

"Nimzuie vipi? Dawa zote zinatoka kwake."

"Basi mwambie akanunue mwanasesere. Mondo akishamzoea, ndiyo imetoka hiyo. Atakaa kizimbani mpaka afe."

Nilimwandikia mwalimu barua ya upole. Alinijibu kwa kuja na Jumatano pia. Wifi akaninunia mimi wiki mbili nzima. Jikoni akawa anasemesha sufuria, kwa sauti ya kunifikia chumbani. Nilikuwa nimewachoka wote wawili.

Siku ya kupimwa ikafika. Kipimo cha daktari wetu wa wanyama ni chepesi: watu wanausogelea uzio mmoja mmoja. Mnyama akikimbia, anaachiwa; akija, anabaki. Wifi alishikilia mwalimu aanze, ushahidi uonekane peupe. Mwalimu akasogea, akaita. Mondo akalaza masikio, akamtolea meno, akatokomea nyuma ya gogo. Nikasogea mimi, vivyo hivyo.

"Sasa wewe," daktari akamwambia wifi.

"Mimi wa nini? Mimi ni muuguzi wake."

"Na wewe ni mtu."

Alikwenda kimya kama siku zote. Hata hajafika, mondo alishatoka nyuma ya gogo, akasugua shavu kwenye waya na kukoroma kwa raha. Ilikuwa miezi minane ya kusafishwa kidonda kila asubuhi bila neno, na neno halikuhitajika. Mondo alizijua hatua zake. Wifi alisimama mikono inaning'inia. Mimi niliyeisubiri kwa hamu siku ya kumcheka, nilishindwa.

Daktari alitoa njia moja: wifi ahamie kwa kobe, asionekane wala kusikika karibu na kizimba kile miezi mitatu, mtu mwingine ampelekee mondo chakula, kisha wapime tena. Na siku ya kumwachia asiwepo. Alikubali kwa hasira, akirusha ndoo, lakini alikubali. Hata chooni alikwenda kwa kuzunguka jengo zima, asipite upande ule.

Kipimo cha pili mondo alimkimbia kila aliyesogea, pamoja na huyo aliyekuwa akimlisha. Siku ya kumwachia, walezi huwa wanaalikwa, basi mwalimu akaenda. Wifi akabaki kusugua magamba ya kobe. Ilimuuma, na mimi iliniuma kwa ajili yake.

Jioni mwalimu alikuja mpaka kwa kobe, simu mkononi, akamwonyesha picha. Zilikuwa nyasi tupu.

"Nisamehe, binti," alisema. "Nilitaka nikuletee sura yake. Wamefungua sanduku, kufumba na kufumbua hayupo."

Wifi alifuta mikono kwenye aproni, akaipokea simu, akaitazama muda mrefu.

"Nitumie hiyo hiyo," akasema.