Maji ya Mgeni

Samaki wale walikuwa wakiniomba nini? Nimestaafu mapema, nina muda wa kutosha wa kufikiri, na bado sijui.

Siku yangu ya kwanza kazini, shahada ikiwa bado mpya, Mkuu wa Maabara alinikabidhi chupa ya sampuli na kunifundisha kuisuuza mara tatu kwa maji yale yale ninayokwenda kuyapima. "Bwana mdogo," alisema, "maji hayasemi uongo. Waongo ni watu na chupa chafu." Kauli hiyo niliishika Tabata, kisha Temeke, na hatimaye Chanika, nilikokagua mabwawa ya perege.

Huko aliishi Bi Zuhura, mjane aliyewauzia majirani samaki na kuwalisha wajukuu wake. Upande wa juu wa bwawa lake palikuwa na zizi la ng'ombe na karakana ya kung'arisha vyuma. Mfereji mmoja ulishusha uchafu wa vyote viwili. Samadi inapooza humaliza hewa iliyomo majini. Chembe nano za metali, ndogo kuliko uwezo wa darubini yetu, hunata kwenye matamvua ambayo samaki huvutia pumzi. Hayo niliyajua. Lakini kila mwaka vipimo vilitoka safi, nami nikasaini cheti cha maji salama.

Hata hivyo, kila Bi Zuhura alipogonga kopo la pumba kuwaita, samaki wote walipanda juu, vinywa wazi, wakauelekea upande niliosimama. Hakuna aliyekula. Kivuli changu kiliwapitia, hawakushtuka.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kumuaga. Nilimkuta akimimina maji bwawani, ndoo baada ya ndoo, pale pale nilipozoea kuchota sampuli.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Unafanya nini?"

"Marahaba. Si umepiga simu kwamba unakuja? Namwaga maji ya kisima. Kwani kwenu mgeni akija hamfagii?"

"Hufanya hivi kila nikija?"

"Tangu siku ya kwanza. Nikuonyeshe tope, baba, nijiaibishe?" Akacheka.

Mimi sikucheka. Mkuu alikuwa sahihi: maji hayakusema uongo. Yalikuwa ya kisima, na miaka yote nilikuwa nikiipima heshima ya mwenyeji wangu.

Kesho yake asubuhi nilirudi bila kupiga simu. Nilichota tope la chini kabisa, nikachukua perege watatu wa kupeleka kwenye maabara ya chuo kikuu, nikamwomba Bi Zuhura asivue wala wajukuu wasile. Kisha nikaingia sebuleni kwake, nikakitungua ukutani cheti chenye sahihi yangu.

Tulipotoka nje, hakuna aliyekuwa amegonga kopo. Samaki walikuwa wamekwisha panda juu, vinywa wazi, wakinielekea.