Niliomba Meza Makambako

Afisa elimu wa Njombe alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili safi, na kwa sababu hiyo alidhani kila alichosema kilikuwa kweli. Nilisimama mbele yake, baba yangu nyuma yangu, kofia mkononi. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili katika shule ya bweni ya wasichana, mbali kaskazini, na hisabati nilikuwa nimefaulu vizuri sana. Nilitaka apeleke jina langu chuo kikuu cha Uganda. Siku zile Tanganyika haikuwa na chuo kikuu chake.

"Binti, kwenu wapi?"

"Kifanya, Bwana."

"Kifanya haijatoa hata mvulana mmoja wa kwenda chuo kikuu."

"Basi itaanza na msichana."

Alicheka kama mtu anayemchekea mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Akasema kule Bulongwa, kwenye hospitali ya misheni, kulikuwa na nafasi ya kujifunza uuguzi. Kazi ya heshima.

"Naiheshimu, Bwana. Lakini sikuiomba."

Hapo kicheko kikaisha. Akasema walimu wa chuo kikuu cha Uganda walikuwa njiani kutoka Mbeya. Kesho wangelala Makambako, kisha waende Iringa kuwasaili vijana waliochaguliwa. Jina langu halikuwamo, na yeye hakuwa na nia ya kulitia.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi na viazi, mzee wa kanisa, mtu asiyependa maneno mengi. Tulipofika barabarani akaniuliza:

"Amesema watalala wapi?"

"Makambako."

"Ukiogopa, turudi nyumbani ukapalilie. Usipoogopa, tutafute lori."

Tulilala Njombe kwa shangazi. Kesho yake tukapanda lori lililobeba magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, tumekaa juu ya mzigo, baridi ikitukata masikio. Tulifika jioni. Upepo wa Makambako haukujali kwamba nilikuwa nimepiga pasi gauni langu la shule. Vumbi lilinijaa hadi kwenye kope. Muumini mmoja aliyefahamiana na baba akatupa pa kulala, na kulipopambazuka tulikuwa tumesimama mbele ya nyumba ya wageni ya Wazungu, penye njia panda.

Walitoka walimu wawili: mwanamume mrefu na mama mwenye mvi. Dereva wao alikuwa amepiga magoti, anabadilisha gurudumu. Baba akawaamkia kwa Kibena, "Kamwene," kana kwamba wamefika shambani kwake. Mimi nikasema kwa Kiingereza kwamba nimekuja kusailiwa.

Yule bwana akatazama karatasi zake. "Jina lako halimo kwenye orodha."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja huku badala ya kungoja Iringa."

Mama yule akamtazama mwenzake, kisha akamtazama dereva, ambaye bado alikuwa akihangaika na gurudumu. "Muda tunao," akasema.

Bwana yule akanitajia swali la hisabati, akaokota kijiti na kuninyooshea. "Andika hapo chini, tuone."

Nilikitazama kile kijiti. Hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Wavulana wa Iringa mtawapa meza?"

"Bila shaka."

"Basi nami naomba meza. Na kiti, na karatasi."

Nilidhani nimejiharibia. Lakini mama yule aligeuka, akaingia ndani, akatoka akiwa amebeba kiti mwenyewe. Mpishi akafuata na meza ndogo ya chai. Nikakaa barazani nikaandika. Swali la kwanza nikalipata. La pili nilikosea katikati, nikakata mstari, nikaanza upya, nikalipata.

Bwana yule akaniuliza nani ataoa msichana mwenye hisabati nyingi namna ile.

"Iringa mtawauliza wavulana nani atakubali kuolewa nao?"

Akaikunja karatasi yangu, akaitia pamoja na zake.

Mwaka ule hawakunichukua. Walisema orodha ilikuwa imejaa. Misheni ikanikumbusha Bulongwa, na baadhi ya ndugu wakasema nimejidai vya kutosha. Nikakataa. Nilifundisha hesabu shule ya kijijini kwetu, na msimu ulipofika nikaomba tena, safari hii nikimwandikia yule mama moja kwa moja. Chuo chenyewe kikamtaka afisa elimu apeleke jina langu, naye akalipeleka.

Niliitwa ofisini kwake siku ya kukabidhiwa hati ya safari. Alinipa mkono, akatabasamu.

"Siku zote nilijua utafika."

"Hapana, Bwana," nikamwambia. "Hukujua. Tuliojua ni mimi na baba."

Baba alikuwa mlangoni. Kiswahili alikielewa vizuri, na nilitazamia anikaripie kwa kumjibu mkubwa hivyo. Alivaa kofia yake palepale ndani ya ofisi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akasema basi la Iringa halimngoji mtu.

Chuoni, darasa letu la hisabati lilikuwa na msichana mmoja tu. Siku ya kwanza mwanafunzi mmoja alinielekeza kwa upole lilipo jengo la mapishi na ushonaji. Nikamshukuru, nikaenda kukaa kiti cha mbele.