Mchezo wa Kuhesabu Kimya cha Baba

Nina miaka thelathini na moja, umri ambao mtu akisema "enzi zetu" wazee humcheka. Lakini ninyi tuliokua pamoja Igowole mtanielewa. Enzi zetu watu walikuwa wanalala. Saa mbili usiku vyombo vimeshaoshwa, kibatari kinapulizwa, harufu ya mafuta ya taa inabaki puani, na ukungu wa Mufindi unapenya kati ya ukuta na bati bila kubisha hodi. Mimi na kaka yangu Elia tulilala kitanda kimoja, godoro la maganda ya mahindi, blanketi la kijivu linalowasha shingo. Tuligombania miguu. Yangu ilikuwa ya baridi kila wakati, na Elia alidai nimeitoa mtoni.

Tulikuwa na haki ya kuchoka. Asubuhi kidumu cha maji na fagio hadi shule, kwa miguu, umande unalowesha sketi mpaka magotini. Jioni kuni kutoka kwenye milingoti, ile mikaratusi mirefu, kisha rede, mpaka mpira wa matambara unapotea kwenye ukungu na hakuna anayejua nani amepigwa. Ugali wa moto, majani ya maboga, viazi vya kuchemsha vya kuchovya kwenye chumvi. Mama alikuwa na amri moja tu: "Funga macho, funga mdomo, kesho shule."

Leo nafundisha baiolojia sekondari, Mbeya mjini. Wanafunzi wangu huingia darasani macho mekundu kama waliokuwa wanakata vitunguu. "Madam, sijalala, nilikuwa namalizia sizoni." Nawacheka, halafu narudi nyumbani, nakunywa chai ya rangi nzito saa tatu usiku, nalala na simu shavuni, na saa nane bado nawaza kama mlango nimefunga. Kwa hiyo kila nikikosa usingizi nilikuwa narudi kichwani Igowole, kwenye blanketi lile, kumsikiliza Baba akikoroma.

Nyumba yetu haikuwa na dari. Kuta za ndani ziliishia nusu, na juu yake hewa ilikuwa ya wote. Baba alikoroma kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Katikati ya mngurumo, ghafla, kimya. Hapo ndipo mchezo wetu ulipoanzia. Tulihesabu kwa vidole chini ya blanketi, kila mmoja ameshataja namba yake. Kisha Baba angestuka kwa pumzi kubwa, kitanda kingelia, mashine ingewaka tena, nasi tungeuma blanketi tusisikike tukicheka. Aliyekaribia namba alipata kiazi cha mwenzake asubuhi. Rekodi ilikuwa kumi na saba, na aliyeitaja ni mimi.

Tulijua hata misimu. Mvua zikianza, mianzi michanga ikikatwa ncha na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kudondoka kwenye vyombo, Baba alirudi jioni mchangamfu, ananukia utamu uliochacha, na namba zilipanda. Elia alikuwa akininong'oneza, "Leo kanywa ule mkali. Taja kumi na tano."

Nami nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nilimuuliza mchungaji ni nani alimbatiza mbatizaji wa kwanza, nikachapwa. Nilimuuliza bibi kwa nini jinamizi linamkaba mtu aliyelala chali tu, likimwacha aliyelala ubavu, akanifukuza jikoni. Chuo kikuu nilipenda zaidi kubisha kuliko kula. Nimechora koo la binadamu ubaoni mpaka chaki imeisha. Lakini kuhusu kile kimya, sikuwahi kuuliza kitu.

Likizo ya Pasaka mwaka huu nilienda nyumbani. Baba sasa ana miaka sitini na mbili, tumbo limemtangulia, na bado anaendesha pikapu yake kupeleka viazi Mafinga. Nilikuta taa ya mbele imevunjika.

"Utelezi," alisema. "Gari liligonga ukingo wa barabara pale kona ya milingoti."

"Ulisinzia?"

"Nimesema utelezi. Nyinyi wasomi mnatafuta ugonjwa kwa tochi."

Jumapili alisinzia kanisani wakati wa sala ndefu. Wazee wenzake wakacheka, "Mwacheni, anatafakari." Mchana alisinzia na kijiko mkononi. Nilipomuuliza kama amechoka, alijibu kwamba yeye ndiye anayelala kuliko wote nyumba hii, na kila asubuhi huamka na kichwa kizito kama mtu aliyebeba gunia. Aliliona hilo kuwa uthibitisho wa usingizi mzuri.

Usiku ule, nikiwa kitanda kilekile, mashine iliwaka. Kisha kimya. Vidole vyangu vilianza vyenyewe. Kumi. Kumi na saba, rekodi yangu. Ishirini na tano. Nilikuwa nimeketi. Thelathini na moja, ndipo Baba akavuta pumzi kama mtu anayetoka chini ya maji. Sikuona cha kucheka. Na Jumanne alitakiwa kupakia viazi alfajiri, kupita kona ileile.

Niliwasha simu, nikarekodi kupitia juu ya ukuta.

Asubuhi, kwenye chai, nilimwekea. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Huyo ni nani? Nguruwe wa jirani?"

"Ni wewe, Baba."

"Sasa mwanangu unaniibia mpaka usingizi?" Alicheka. Halafu simu ikafika kwenye kimya. Kikaendelea. Kikaendelea. Alikoma kutafuna. Aliitazama simu kama anataka kuitikisa. Pumzi iliporudi, naye alipumua.

"Hiyo simu yako ilikwama," alisema polepole.

"Haijakwama. Jumanne usiendeshe."

"Mtu kukoroma nako ni ugonjwa? Baba yangu alikoroma. Viazi vitaoza kwa sababu ya koromo?"

Hapo ndipo Mama, aliyekuwa anamenya viazi mlangoni, alipoongea bila kuinua macho. "Baba Elia, unadhani mimi nililala lini?"

Baba akamgeukia.

"Tangu mwanao wa kwanza nakupiga kiwiko," alisema. "Nikisikia umenyamaza, nahesabu. Nikifika kumi nakupiga, unavuta pumzi. Siku nikiwa nimechoka, nachelewa, nafika kumi na tano, kumi na saba. Sasa mkono umeishiwa nguvu. Kuna siku napiga mara tatu huamki."

Niliweka kikombe chini. Kile kishindo cha kitanda tulichokisubiri tukicheka, kumbe kilikuwa kiwiko cha Mama. Usiku niliposhinda kiazi kwa kumi na saba ulikuwa usiku ambao Mama alikuwa amechoka sana.

Baba alitoa ufunguo wa pikapu mfukoni, akausogeza mezani mpaka karibu na sahani ya Mama, akasema chai imepoa.

Siku hiyohiyo, kwenye zahanati, muuguzi alimpima presha, ikawa juu. Alieleza kwa upole nilichopaswa kukijua mimi: misuli ya koo hulegea mtu akilala, njia ya hewa huziba, mwili hustuka kuiokoa pumzi, tena na tena, na mwenyewe hajui. Ndiyo maana analala kwa saa tisa nzima na bado anaamka amechoka. Akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa Mbeya akapimwe usingizi wenyewe kwa mashine. Mpaka hapo asiendeshe, aache ulanzi wa jioni, apunguze mwili, asilale chali. "Ulanzi tena?" Baba alilalamika. "Hata ule mtamu?" Mama alirudi nyumbani, akashona mfuko mgongoni mwa sweta la Baba la kulalia, akatia gunzi la mahindi. Akigeuka chali, gunzi linamrudisha ubavuni. Anatukana, lakini anageuka.

Sasa wako kwangu Mbeya, tunasubiri siku ya kipimo. Simu yangu inalala jikoni, chai mwisho alasiri, mambo ninayowafundisha watoto nami nimeanza kuyafuata. Lakini usingizi haujaja, kwa sababu nimempa Mama kitanda changu, chumba cha pili, na kumwambia zamu ni yangu. Nimelala kwenye mkeka sebuleni, karibu na godoro la Baba. Usiku wa kwanza Mama alilala saa kumi mfululizo, tukaamka sisi tukaogopa kumwamsha.

Najua wengi wenu mnapenda kusema kwamba zamani tulilala vizuri kuliko watoto wa siku hizi. Nilisema hivyo pia. Sisi tulilala, ndiyo. Tulilala kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili wa ukuta ambaye hakulala. Zamani nilitamani namba iwe kubwa nipate kiazi. Sasa Baba ananyamaza, nakiandaa kiwiko, naanza: moja, mbili, tatu.